Siku Nne za Skolastika

Izigo hakuna kosa kubwa kama kulima siku ya msiba. Mtu anaweza kugombana na mkwewe, akanywa lubisi, pombe ya ndizi, Jumapili ibada ikiendelea, akausogeza mpaka wa kibanja chake hatua mbili ndani ya cha jirani, na bado watu wakamsalimu njiani. Lakini mtu akifa na yowe likapigwa, majembe ya kijiji kizima yanawekwa chini, na hayainuliwi mpaka siku nne ziishe. Anayelima maiti ikiwa ndani anatangaza, bila kufungua kinywa, kwamba aliyekufa hakuwa mtu. Wapo pia watakaonong'ona kwamba huyo alijua mapema nani atakufa.

Buberwa alikuwa amekwisha kufanya kosa hilo mara mbili.

Hakulifanya kwa kiburi. Masikio yake yalibaki vitani. Wakati wa vita alikwenda na mgambo wenzake kumtoa adui Kagera, wakamweka karibu na mizinga, karibu mno, na aliporudi nyumbani mwaka wa sabini na tisa alimkuta mama yake anafungua na kufunga mdomo bila sauti. Alidhani mama amekuwa bubu kwa hofu. Ziliwachukua siku tatu wawili hao kuelewana kwamba mgonjwa ni yeye. Tangu hapo Buberwa alisema kila kitu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde, hata siri, na watu wa Izigo wakajifunza kutompa siri.

Wengine hawakuuamini uziwi wenyewe. Walisema, mbona ukimimina lubisi nyuma yake anageuka? Aligeuka kwa harufu, lakini maneno ya kilabuni hayana hakimu.

Mara ya kwanza alitozwa mbuzi na vibuyu viwili vya lubisi, akalipa, watu wakanywa, yakaisha. Mara ya pili alimlimia Kamugisha, na hilo halikuisha.

Kamugisha alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa pia wa kwanza Izigo kurudishwa kutoka Bukoba mjini akiwa mwepesi kiasi cha kubebwa na mtu mmoja. Wakati ule ugonjwa huo uliitwa Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa kwa magendo kutoka Uganda na vijana walioanza kufa. Alikufa kulipopambazuka. Buberwa alikuwa ameshatoka kwenda kwenye shamba lake la maharage bondeni, na yowe lilipopigwa, likapita juu ya kichwa chake kama lilivyopita juu ya migomba. Nyumbani kwa Bartholomayo watu walikuwa wamekaa juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni, wamenyamaza, na katika kimya hicho jembe likasikika kutoka bondeni: ti, ti, ti. Bartholomayo alilisikiliza jembe hilo akiwa ameshika mguu wa mwanawe. Walipokwenda kumkamata Buberwa, alikuwa amelima hadi ukingo wa mtaro na alikuwa anaimba.

Uamuzi ulitolewa baada ya siku nne. Bartholomayo hakutaka mbuzi. Alisema Buberwa akirudia mara ya tatu, kijiji hakitaingia kwake.

Hayo ni maneno matatu tu, lakini hakuna Mhaya asiyejua yamebeba nini. Verdiana, mama yake Buberwa, alikuwa na miaka inayokaribia themanini na miguu iliyokwisha kufa. Mwanawe alimbeba kila asubuhi kumtoa juani na kila jioni kumrudisha ndani. Kijiji kisipoingia, siku atakayokufa hatakuwepo wa kumlilia, wala wa kumwosha, wala wa kumchimbia. Verdiana hakuogopa kufa, aliogopa hilo.

"Mwana wange," alimwambia, akitamka polepole ili asome midomo, "usije ukanizika peke yako kama mbwa."

"Sitalima tena!" alijibu Buberwa, na majirani wanne wakasikia.

Rahisi kusema. Mtu hawezi kuishi bila kulima, na kiziwi hawezi kujua nani amekufa nyumba ya kumi na tano. Mama hakuweza kutoka kumfuata. Wengine, yowe likipigwa, kila mmoja hukimbilia kwa mfiwa, na hakuna anayekumbuka kupita bondeni kumtazama Buberwa.

Aliyekumbuka ni Skolastika. Alikuwa mjane wa Karugendo, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akiwafuata wavuvi kwenye visiwa vya Muleba, akarudi mara ya mwisho na homa iliyomla miezi saba. Kibanja chake kilipakana na njia ya kwenda bondeni. Skolastika hakuwa mwanamke mpole, na wanaosema alimhurumia Buberwa hawakumjua. Alisema mwenyewe kwamba amechoshwa: kila Buberwa akikosea, kikao cha wazee kinafanyika penye uwanja wake, wanakanyaga maharage yake, na lubisi ya faini wanakunywa wao.

Pale njia ilipokutana na kibanja chake palikuwa na mlamula, ule mti mwembamba wanaoupanda mipakani. Skolastika alimpeleka Buberwa hadi hapo, akachana kamba ya mgomba mkavu, akaifunga kwenye shina, akamwonyesha jembe, akatikisa kichwa. Akaifungua kamba, akamwonyesha jembe, akaashiria bondeni. Buberwa alielewa mara moja. Alikuwa kiziwi tu.

Basi ikawa hivyo. Kila asubuhi Buberwa alifika kwenye mlamula, akatazama. Hakuna kamba, alipita. Kamba ipo, alirudi nyumbani, akaweka jembe, akaenda kwa Skolastika kuuliza ni nani, kisha akaenda msibani. Na kama yowe lilipigwa akiwa ameshafika shambani, Skolastika aliteremka mwenyewe akamnyang'anya jembe mkononi bila salamu. Miaka mitatu ilipita hivyo, na Buberwa hakukosea hata siku moja. Bartholomayo aliiona ile kamba kila alipopita, asiseme kitu.

Zamani, lazima isemwe, siku nne za msiba zilikuwa pia pumziko. Mkulima wa kahawa na ndizi hana likizo. Msibani watu walikaa, wakatafuna buni, wanaume wakacheza bao nyuma ya nyumba kwa sauti ya chini, wakasimuliana habari za marehemu hadi marehemu akawa bora kuliko alivyokuwa. Wanawake waliokuwa hawajaonana tangu mavuno walionana. Mtu alirudi shambani siku ya tano mgongo umenyooka.

Lakini hiyo ni pale mtu anapokufa mmoja kwa msimu. Kufikia mwaka wa themanini na nane walikufa wawili kwa juma, na wote vijana. Siku nne za huyu hazijaisha, za yule zinaanza. Magugu yalipanda hadi magotini, maharage yakaozea vihengeni kwa kukosa siku ya kupandwa, na watoto wa misiba, ambao walikuwa wengi, wakalala na njaa kwa heshima ya wazazi wao. Mwishowe Bartholomayo, ambaye alikuwa ameshazika watoto watatu, aliita mkutano. Alisimama akasema, "Tukiendelea kuzika kwa desturi, njaa itatuzika sisi, nayo haitakaa matanga." Hakuna aliyecheka. Ikakubaliwa: jembe litawekwa chini siku ya maziko tu, na baada ya maziko, anayetaka alime.

Buberwa alikuwa amekaa katikati ya watu, anatazama midomo isiyomgeukia. Skolastika akamgusa bega. Alinyoosha vidole vinne mbele ya uso wake, kisha akavikunja vitatu, kimoja kimoja, kikabaki kimoja.

"Moja?" aliuliza Buberwa, mkutano mzima ukageuka. "Siku moja? Hata ng'ombe anapata zaidi!"

Bartholomayo aliinamisha kichwa. Uamuzi ukabaki palepale.

Skolastika alianza kukonda mwaka huohuo. Hakuna aliyeuliza, maana hakuna aliyehitaji kuuliza; mume amekwisha kwenda na njia ni moja. Dada yake Petronila alikuja kutoka Kashozi kumuuguza. Alimpikia uji, alimfulia, alimlalamikia kwamba hali chochote, na kila alipogeuza mgongo alimkosa kitandani: Skolastika alikuwa ameshika fimbo anakwenda kwenye mlamula kufunga kamba ya fulani, au kuifungua.

Asubuhi moja ya Machi, mwaka wa themanini na tisa, maharage yakiwa yanadai palizi, Buberwa alifika kwenye mlamula akakuta kamba. Alirudisha jembe nyumbani. Akamwambia mama yake kwamba kuna msiba. Verdiana alikunja uso akasema hakusikia yowe, lakini masikio yake nayo yalikuwa ya kizee, hakubisha.

Buberwa akapita kwa Skolastika kuuliza. Petronila, aliyekuwa anachota maji kwenye pipa, alimwashiria kwamba mgonjwa amelala. Basi akaenda kuutafuta msiba mwenyewe, kwa kufuata watu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu kila kibanja alichopita watu walikuwa wanalima. Alitazama kwa huyu, jembe linapanda na kushuka. Akatazama kwa yule, mama na mabinti watatu wameinama mstari mmoja. Damu ikampanda. Mtu aliyetozwa mbuzi, aliyetishiwa mama yake, anakikuta kijiji kizima kinafanya mchana kweupe kosa lilelile, tena bila aibu! Alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

Bartholomayo alikuwa anapalilia mibuni yake.

"Ta Bartholomayo!" alipiga kelele Buberwa. "Na wewe? Unalima na maiti iko ndani? Hata hiyo siku moja mmeiua?"

Jembe la mzee lilibaki hewani. Watu wakatoka vibanja vya jirani. Bartholomayo alimuuliza ni nani aliyekufa. Buberwa alisoma midomo, akasema, "Kamba ipo!"

Walimwambia kwa mikono na vichwa kwamba hakuna aliyekufa. Walihesabu nyumba kwa vidole mbele yake: huyu yupo, huyu yupo, huyu anaumwa lakini yupo. Wapo waliocheka, na kicheko kilikuwa kitu adimu mwaka ule. Bartholomayo hakucheka. Buberwa alisimama akitazama nyuso, kisha akaondoka karibu anakimbia kurudi kwa Skolastika. Safari hii hakumngoja Petronila amruhusu.

Skolastika alikuwa macho. Miguu yake ilikuwa na udongo mbichi wa njiani.

"Nani amekufa?" aliuliza Buberwa.

Skolastika alimsubiri akae, ili amwone mdomo vizuri. "Hiyo ni yangu," alisema.

"Hujafa!"

"Bado."

Buberwa alifikiri hakusoma vizuri. Skolastika akarudia, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Alisema leo ameweza kufika kwenye mlamula kwa kushika migomba. Kesho hawezi. Na siku yenyewe ikifika, Petronila atalia, wengine watakimbia huku na huku, hakuna atakayekumbuka kamba ya kiziwi.

"Mwagize Petronila," alisema Buberwa.

"Mfiwa hana kumbukumbu. Nilipofiwa na Karugendo nilisahau hata kumfungulia mbuzi." Alifumba macho kidogo. "Ukinilimia mimi, Buberwa, nitakuwa ndiye niliyemkosesha Verdiana kaburi. Sitaki neno hilo huko ninakokwenda. Iache palepale, usilime."

Buberwa alilia, kwa sauti, kwa sababu hakujua namna nyingine. Petronila aliingia mbio akidhani dada yake amekata roho, naye akapiga yowe, na nusu ya kijiji wakafika uwanjani wakamkuta marehemu amekaa kitandani anawaambia wanyamaze.

Jambo hilo halikupokelewa vizuri. Kumwekea msiba mtu aliye hai ni kumchuria. Mchana Bartholomayo alikuja kwa Buberwa akamkuta amekaa nje na mama yake, jembe liko darini, na Verdiana akawa ndiye wa kupeleka maneno, akimtamkia mwanawe sentensi moja baada ya nyingine. Mwenyekiti anasema ukaifungue ile kamba. Mwenyekiti anasema kesho uende shambani kama watu. Anasema ukiendelea kukaa matanga ya mtu anayepumua, hilo ni sawa na kulima siku ya msiba, ni kosa lilelile limegeuzwa nje ndani, na itakuwa mara ya tatu.

Verdiana aliposema "mara ya tatu" midomo yake ilitetemeka, na Buberwa aliona.

Hapo alikuwa na njia mbili, na zote mbili zilipita juu ya kaburi la mama yake. Akilima, na Skolastika akafa asubuhi hiyo, ni mara ya tatu. Asipolima, mwenyekiti amekwisha kusema ni mara ya tatu. Mtu mwenye akili nyingi angekwenda bondeni akakaa chini ya mti, jembe kando, akadanganya pande zote. Buberwa hakuwa na akili za namna hiyo. Kwake kamba ilikuwa kamba.

"Sikuifunga mimi," alisema. "Siwezi kuifungua."

Bartholomayo alimtazama Verdiana, akainuka, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya kwanza Buberwa alikaa. Siku ya pili alihamia uwanjani kwa Skolastika, akiwa amembeba mama yake mgongoni, akamweka kwenye nyasi karibu na kitanda, na wanawake wawili hao wakasengenya watu hadi jioni. Walitafuna buni. Buberwa alitoa bao la marehemu Karugendo, akacheza na Petronila, akafungwa michezo mitano akisema kila mara anaibiwa. Skolastika alikuwa mwamuzi kutoka kitandani. Aliulizia habari za watu wote waliokufa zamani, nani alikuwa mchoyo, nani alikuwa na sauti ya kuimba, na wenzake wakamsimulia. Walifanya kila kitu ambacho watu walikuwa wakikifanya msibani wakati misiba ilikuwa na nafasi. Njiani watu walipita na majembe wakichungulia. Magugu ya bondeni yakayafunika maharage ya Buberwa.

Siku ya nne, jua likiwa limepanda kidogo, Skolastika alifariki. Petronila alipiga yowe, na kweli, alisahau kila kitu kingine.

Alizikwa kesho yake saa nne asubuhi, haraka, kwa sababu upande wa Kibeta kulikuwa na maziko mengine ya mtu wa ukoo. Buberwa alichimba kaburi pamoja na wengine na hakuna aliyemzuia. Lakini udongo ulipokwisha kurudishwa, Bartholomayo alisimama akasema maneno. Yalikuwa marefu. Buberwa aliona watu wanamgeukia, mmoja mmoja, wakamtazama, wakarudisha macho chini. Alitafuta kwa mazoea mtu wa kumgusa bega. Kisha akakumbuka kwamba aliyekuwa akimgusa bega ndiye waliyemaliza kumfukia. Alimtazama Petronila, Petronila alikuwa analia. Hotuba ikaisha, watu wakanawa mikono, na kufikia saa sita majembe yalikuwa yanapanda na kushuka Izigo yote, kama mkutano ulivyoamua. Buberwa alirudi nyumbani bila kujua kama ameshatengwa.

Mama yake alimuuliza walisema nini. "Walisema," alijibu.

Kesho yake alichukua jembe. Siku zake nne zilikuwa zimekwisha, na njaa haina kiziwi. Alikuwa ameazimia kuifungua kamba ya Skolastika mwenyewe, maana haikuwa na mwingine wa kuifungua. Alipofika kwenye mlamula akaona kwamba ile kamba haipo, na mahali pake kuna nyingine, pana, mbichi, imefungwa ovyo kwa fundo la mtu ambaye hajawahi kufunga kitu hicho.

Alisimama. Kibanja cha Bartholomayo kilionekana kutoka pale. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake kwenye kigoda, mikono mitupu, na jembe lake halikuonekana popote. Watu wengine wote walikuwa wanalima. Alipomwona Buberwa aliinuka, akaja taratibu hadi kwenye mti, akasimama karibu sana, uso kwa uso, kama Skolastika alivyokuwa akisimama. Akafungua mdomo wazi kama anayesemesha mtoto.

"Mama yako," alisema. "Tutamzika."

"Hajafa!" alipiga kelele Buberwa.

"Bado," alisema Bartholomayo.

Kisha akageuka akatazama kaburi la Skolastika, akanyoosha vidole vinne. Alivishikilia hewani, akakunja kimoja cha jana, siku ya maziko, vikabaki vitatu.

Buberwa aliegemeza jembe kwenye mlamula, wakaenda kukaa.